Kuandika Data za Binari kwa Python: Somo kutoka Karatu hadi Kreta ya Ngorongoro



Somo la leo ni la kompyuta, lakini linaanzia ofisini kwa paroko. Nimeliandika kwa ajili ya mafrateri wanaojifunza lugha ya Python, na pia kwa waamini walei, hasa makatibu wa parokia na vijana wanaosaidia kutunza kumbukumbu. Asiyejua kuandika programu asiogope. Avuke mistari ya programu asome maelezo. Jambo kuu atalipata.

Picha zilizokataa kufunguka

Nilipokuwa katika mwaka wangu wa kichungaji, paroko aliniomba nipige picha kurasa zote za vitabu vya zamani vya ubatizo. Nilipiga kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, picha mia kadhaa. Kisha nikaandika programu fupi ya kuzinakili kwenye kompyuta na kuzipa majina mapya: mwaka, namba ya kitabu, namba ya ukurasa.

Programu ilikataa. Ilitoa ujumbe kwamba kuna baiti isiyoweza kusomwa kama maandishi. Nikatafuta dawa ya haraka, nikaambiwa niongeze neno la kuiagiza Python ipuuze makosa. Nikaongeza. Ujumbe ukatoweka, programu ikafika mwisho, majina yote yakapangika vizuri. Kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, nikafuta picha za mwanzo.

Miezi michache baadaye kitabu kimoja kilikuwa kimepelekwa kufungwa jalada jipya. Siku hizo hizo akaja dada mmoja aliyebatizwa katika parokia ile, akiomba cheti cha ubatizo ili atangazwe ndoa. Paroko akasema, "Frateri, tufungulie picha." Nikafungua ya kwanza, ikakataa. Ya pili, ikakataa. Zote zilikataa. Matangazo ya ndoa yakasubiri hadi kitabu kiliporudi. Kitabu kilirudi salama, jina lake lilikuwemo, ndoa ikafungwa. Ila kwa wiki kadhaa familia mbili zilisubiri kwa sababu ya mstari mmoja niliouandika bila kuuelewa.

Kosa lilikuwa hili: nilisoma picha kama vile ni maandishi. Tuone kwa nini hilo linaharibu, na namna ya kuandika ipasavyo.

Baiti ni nini

Kila faili, liwe la barua, picha, wimbo au ramani, ni mfuatano wa baiti. Baiti moja ni biti nane, yaani namba moja kati ya 0 na 255. Ndani ya faili hakuna herufi wala rangi. Kuna namba hizo tu, moja baada ya nyingine.

Herufi hupatikana kwa makubaliano. Tumekubaliana kwamba 75 ni K kubwa na 97 ni a ndogo. Kwa hiyo neno "Karatu" huhifadhiwa kama baiti sita: 75, 97, 114, 97, 116, 117. Makubaliano yanayotumika zaidi siku hizi huitwa UTF-8.

Namba nazo zinaweza kuandikwa kwa njia mbili. Chukua 1500. Ukiiandika kama maandishi, unaandika tarakimu nne, yaani baiti nne: 49, 53, 48, 48. Ukiiandika kwa binari, baiti mbili zinatosha: 5 na 220. Baiti ya kwanza inahesabu mafungu ya 256 na ya pili inabeba mabaki: 5 mara 256 ni 1280, ongeza 220, unapata 1500.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Faili la maandishi hufuata sheria za herufi. Faili la binari linaweza kuwa na baiti yoyote mahali popote, na maana yake inatokana na mpangilio aliouamua mwandishi wake. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti 255, 216 na 255. Katika UTF-8, baiti 255 haina nafasi kabisa, na 216 lazima ifuatwe na baiti za aina fulani. Nilipoagiza makosa yapuuzwe, Python ilizitupa zote tatu, kisha ikaendelea kutupa kila baiti isiyofaa kuwa herufi. Picha ya megabaiti tatu ilibaki kama nusu yake. Kama ningelinganisha ukubwa wa mafaili kabla ya kufuta, ningeliona kosa siku ile ile.

Herufi moja inayobadilisha kila kitu

Katika Python tunafungua faili kwa agizo la open, tukieleza tunataka kufanya nini nalo. Kwa data za binari tunaongeza herufi b:

- "rb": kusoma baiti kama zilivyo.
- "wb": kuandika baiti. Tahadhari: kama faili lipo tayari, yaliyomo hufutwa mara tu linapofunguliwa, hata kabla hujaandika chochote.
- "xb": kuandika faili jipya. Kama jina hilo lipo tayari, Python inakataa.
- "ab": kuongeza mwishoni mwa faili lililopo.
- "r+b": kusoma na kuandika ndani ya faili lililopo bila kulifuta.

Kwa kumbukumbu za parokia, zoea "xb". Heri programu ikatae kuliko kufuta kazi ya mwaka jana.

Bila herufi b, Python hutafsiri. Kwenye Windows hufanya pia jambo jingine: kila baiti 10, ambayo ni alama ya mwisho wa mstari, hugeuzwa kuwa baiti mbili, 13 na 10. Kwa barua hilo halina madhara. Kwa picha, ni sawa na kuingiza namba za bandia katikati ya data. Waliobuni aina ya picha iitwayo PNG walilijua tatizo hili. Kila faili la PNG huanza na baiti nane: 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Zile 13 na 10, pamoja na 10 ya mwisho, ziliwekwa makusudi: kama faili limepita mahali linapogeuzwa miisho ya mistari, baiti hizo huharibika kwanza, na programu ya kusoma inatambua mara moja kwamba faili si zima.

Kipande cha ramani chenye makazi yetu

Sasa tuchukue mfano wa nyumbani. Mwezi Februari mwaka 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada mwinuko wa ardhi. Matokeo yake hutolewa bure kwa vipande, kila kipande nyuzi moja kwa nyuzi moja. Jina la faili hutaja kona yake ya kusini-magharibi. Kipande chetu kinaitwa S04E035.hgt: kinaanzia nyuzi 4 kusini na 35 mashariki, na kufika nyuzi 3 kusini na 36 mashariki.

Ndani ya kipande hicho kimoja mna mji wa Karatu, Kreta ya Ngorongoro, mlima Oldeani, Endulen, Laetoli, Mto wa Mbu, sehemu ya Ziwa Eyasi, hata mji wa Mbulu. Na faili hilo halina neno hata moja. Halina kichwa wala maelezo. Lina vipimo tu: mistari 1,201, kila mmoja ukiwa na vipimo 1,201, kuanzia kaskazini kwenda kusini na magharibi kwenda mashariki. Kila kipimo ni mwinuko kwa mita, kimeandikwa kwa baiti mbili. Zidisha 1,201 kwa 1,201, kisha kwa 2, unapata baiti 2,884,802. Faili lako likiwa na baiti 25,934,402, jua ni toleo lenye vipimo vya karibu zaidi, mistari 3,601. Likiwa na ukubwa mwingine wowote, usiendelee. Huenda halikupakuliwa lote.

Kipimo kimoja na kinachofuata vimeachana sekunde 3 za nyuzi, takribani mita 90. Dakika moja ya nyuzi ina vipimo 20. Karatu mjini ni kama nyuzi 3 dakika 20 kusini, nyuzi 35 dakika 40 mashariki. Dakika 20 kutoka ukingo wa kaskazini ni mstari wa 400. Dakika 40 kutoka ukingo wa magharibi ni safu ya 800. Tunahesabu kuanzia sifuri. Basi tusome:

```
import struct

with open("S04E035.hgt", "rb") as f:
    f.seek(2 * (400 * 1201 + 800))
    baiti = f.read(2)

mwinuko = struct.unpack(">h", baiti)[0]
print(mwinuko)
```

Agizo la seek linatupeleka moja kwa moja hadi baiti ya 962,400, bila kusoma zilizotangulia. Kisha tunasoma baiti mbili na kuziunganisha kuwa namba. Alama ">h" tutaielezea sasa hivi, maana ndiyo roho ya somo hili.

Baiti saba na nane

Fikiria soko la vitunguu vya Mang'ola. Karani anaandika kwenye karatasi "5, 3", akimaanisha magunia matano na debe tatu. Karani wa pili, aliyezoea kuandika debe kwanza, anasoma magunia matatu na debe tano. Karatasi ni ile ile, namba ni zile zile, na hakuna aliyedanganya. Lakini mkulima amepunjwa, na hesabu ya pili haionekani kuwa ya ajabu hata kidogo.

Baiti zinafanya vivyo hivyo. Kuna kompyuta na mafaili yanayoweka fungu kubwa mbele, na mengine yanayoweka dogo mbele. Katika struct, alama > maana yake kubwa mbele, na alama < maana yake dogo mbele. Herufi h maana yake namba nzima ya baiti mbili inayoweza kuwa chanya au hasi, kutoka -32,768 hadi 32,767. Mafaili ya hgt huweka kubwa mbele. Kompyuta nyingi tunazotumia, ukiziacha zifuate mazoea yao, huweka dogo mbele.

Tuone kinachotokea ukikosea. Chukua Karatu kwa namba ya duara, mita 1,500. Baiti zake ni 5 na 220. Ukizisoma kinyume unapata -9,211. Karatu imezama kilomita tisa chini ya usawa wa bahari! Kosa hilo linapiga kelele, na kila mtu analiona.

Sasa chukua sakafu ya Kreta ya Ngorongoro, nayo kwa namba ya duara, mita 1,800. Saba mara 256 ni 1,792, ongeza 8: baiti zake ni 7 na 8. Ukizisoma kinyume, 8 mara 256 ni 2,048, ongeza 7, unapata 2,055. Hakuna kelele. Namba 2,055 inaaminika kabisa kwa mtu asiyefika Ngorongoro. Lakini sisi tuliopanda kutoka Karatu, tukapita geti la Loduare, tukapenya msitu wenye ukungu hadi ukingoni kwenye mita 2,300 hivi, kisha tukaangalia chini, tunajua kimo cha ukuta ule. Kreta ina kina cha kama mita 600. Kwa 2,055, karibu nusu ya kina hicho imepotea, na kompyuta haijalalamika.

Ndugu msomaji, hilo ndilo ninalotaka ulishike: *data za binari hazijielezi na hazijitetei.* Kosa linalopiga kelele si la kuogopwa sana. La kuogopwa ni lile linalotoa jibu la kuaminika. Kwa hiyo anayeandika ana wajibu wa namna mbili. Kwanza, ataje waziwazi mpangilio anaotumia, asiiachie kompyuta iamue. Pili, asome tena alichoandika na kukilinganisha na jambo analolijua kwa hakika. Usijaribu programu ya ramani kwa mahali usipopajua. Ijaribu kwa mahali ulipopakanyaga.

Kuandika faili letu wenyewe

Tuseme tunataka kukata kipande kidogo, kutoka usawa wa Karatu hadi katikati ya kreta, ili wanafunzi wakitumie kwenye kompyuta ndogo. Tunachukua mistari ya 200 hadi 400 na safu za 700 hadi 800. Hiyo ni mistari 201 na safu 101, yaani vipimo 20,301.

Faili la hgt halina kichwa kwa sababu ukubwa wake unajulikana. Letu lina ukubwa wa pekee, kwa hiyo tuliwekee kichwa cha baiti nane: herufi nne za kulitambulisha, idadi ya mistari kwa baiti mbili, na idadi ya safu kwa baiti mbili.

```
import struct

mistari, safu = 201, 101

with open("S04E035.hgt", "rb") as ramani, \
     open("karatu-kreta.bin", "xb") as jipya:
    jipya.write(struct.pack(">4sHH", b"KNGR", mistari, safu))
    for m in range(200, 401):
        ramani.seek(2 * (m * 1201 + 700))
        jipya.write(ramani.read(2 * safu))
```

Herufi H kubwa ni namba ya baiti mbili isiyo na hasi, kutoka 0 hadi 65,535. Inafaa hapa kwa sababu idadi ya mistari haiwezi kuwa hasi. Mwinuko unabaki na h ndogo, kwa sababu duniani kuna mahali palipo chini ya usawa wa bahari. Herufi b kabla ya "KNGR" inaiambia Python kwamba hizo ni baiti, wala si maandishi. Ukiisahau, itakataa, na inafanya vyema kukataa.

Kabla hujaendesha programu, piga hesabu ya ukubwa unaoutarajia: vipimo 20,301 mara 2 ni 40,602, ongeza kichwa cha 8, jumla baiti 40,610. Faili likitoka na ukubwa tofauti, kuna kosa, hata kama hakuna ujumbe uliotokea. Vipimo hivyo hivyo vikiandikwa kama maandishi ya tarakimu nne na alama moja ya kutenganisha, vingezidi baiti 100,000. Kwa mtu anayetuma faili kwa bando la simu kutoka kigangoni, tofauti hiyo si ndogo.

Mwisho, andika karatasi ya maelezo na uiweke karibu na faili: herufi za kichwa, namba ni kubwa mbele, kipimo ni mita, mistari inaanzia kaskazini. Baada ya miaka kumi wewe utakuwa umehamishwa parokia. Atakayekuja atakuwa na baiti tu mkononi, na bila maelezo yako atakisia.

Mahali pasipo na kipimo

Rada haikuona kila mahali. Penye makorongo au kuta za mwinuko mkali, baadhi ya vipimo vilikosekana. Katika matoleo ambayo mapengo hayakujazwa, mahali hapo pameandikwa -32,768, kwa makubaliano kwamba maana yake ni "hakuna kipimo".

Namba hiyo si mwinuko. Ukitafuta wastani wa vipimo vitatu, 1,800, 1,800 na -32,768, unapata karibu -9,723, jibu lisilo na maana. Lazima programu iruke mapengo. Nawe unapoandika faili lako, amua mapema utaonyeshaje kitu kisichojulikana, na usitumie sifuri, kwa sababu sifuri ni mwinuko halali: ni ufukwe wa bahari.

Katika vitabu vya parokia ni vivyo hivyo. Nafasi ya jina la msimamizi ikiwa tupu, inaweza kuwa hakuwepo, au hakuandikwa, au wino umefutika. Hayo ni mambo matatu tofauti, na anayenakili hana ruhusa ya kuchagua moja kwa kubahatisha.

Kurudi ofisini

Sasa turudi kwenye kile kitabu cha ubatizo. Kanuni ya 877 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamtaka paroko aandike bila kuchelewa majina ya waliobatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama wapo, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kanuni ya 535 inataka kila parokia iwe na vitabu vyake, na vile vya zamani navyo vitunzwe kwa uangalifu. Kwa mujibu wa kanuni ya 1122, ndoa ikifungwa nje ya parokia ya ubatizo, taarifa ipelekwe haraka kwa paroko wa mahali pa ubatizo.

Katika ukanda wetu jambo hilo ni la kila mwezi. Karatu iko katika Jimbo la Mbulu, na Endulen iko katika Jimbo Kuu la Arusha. Kijana aliyebatizwa Endulen anaweza kuoa Karatu, na taarifa zake lazima zivuke mlima na mpaka wa majimbo. Picha ya ukurasa inasaidia kazi hiyo. Kitabu ndicho kumbukumbu rasmi. Picha ni msaada wa siku kitabu kinapopatwa na maji, moto au mchwa. Lakini msaada ulioharibika ni hatari kuliko kukosa msaada, kwa sababu unakupa usingizi.

Hii ndiyo programu ambayo ningepaswa kuiandika siku ile:

```
import hashlib
import os

def alama(jina):
    h = hashlib.sha256()
    with open(jina, "rb") as f:
        while True:
            kipande = f.read(65536)
            if not kipande:
                break
            h.update(kipande)
    return h.hexdigest()

def nakili(chanzo, lengo):
    if os.path.exists(lengo):
        raise OSError("Jina hili lipo tayari")
    muda = lengo + ".muda"
    with open(chanzo, "rb") as ndani, open(muda, "wb") as nje:
        while True:
            kipande = ndani.read(65536)
            if not kipande:
                break
            nje.write(kipande)
        nje.flush()
        os.fsync(nje.fileno())
    if alama(chanzo) != alama(muda):
        os.remove(muda)
        raise OSError("Nakala hailingani na chanzo")
    os.replace(muda, lengo)
```

Tazama mambo manne. Kwanza, kila open ina herufi b, kwa hiyo hakuna tafsiri yoyote. Pili, tunaandika kwanza kwenye faili la muda. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kinachobaki nusu ni faili la muda. Jina halisi halipewi kitu kisichokamilika. Tatu, flush na fsync zinaitaka kompyuta ipeleke data hadi kwenye diski yenyewe. Bila hivyo, data zinaweza kuwa bado kwenye kumbukumbu inayofutika umeme unapozimika. Nne, tunapiga alama ya SHA-256 ya faili la kwanza na ya nakala, kisha tunalinganisha. Alama hiyo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutoka baiti zote. Ikibadilika baiti moja tu, alama hutoka tofauti kabisa.

Baada ya hapo, fungua picha chache kwa macho yako. Alama inathibitisha kwamba nakala inafanana na chanzo. Haijui kama chanzo chenyewe kilipigwa gizani au kidole kilifunika jina la mtoto. Ndipo ufute za kwenye simu, kama ni lazima.

Neno moja la busara: taarifa hizi ni za watu. Pata ruhusa ya paroko, weka nakala mahali pamoja panapofungwa, wala usizipitishe kwenye makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi tunaofanya kazi kwa kujitolea.

Ya kushika

1. Data isiyo maandishi ifunguliwe kwa herufi b, daima.
2. Taja mpangilio wa baiti waziwazi, kwa > au <.
3. Jua ukubwa wa faili kabla ya kuliandika.
4. Usinyamazishe ujumbe wa kosa usiouelewa.
5. Usifute chanzo kabla ya kusoma na kulinganisha nakala.

Maswali ya kujipima

1. Mwinuko wa mlima Oldeani ni kama mita 3,216. Ziandike baiti zake mbili, kubwa mbele. Je, ukizisoma kinyume, kosa litapiga kelele au litanyamaza?
2. Katikati ya kreta ni kama nyuzi 3 dakika 10 kusini na nyuzi 35 dakika 35 mashariki. Ni mstari na safu ipi katika S04E035.hgt? Soma mwinuko wake, ulinganishe na unachokijua.
3. Andika programu ya kusoma faili la "karatu-kreta.bin". Ianze kwa kuhakikisha herufi "KNGR" zipo na ukubwa ni baiti 40,610, la sivyo ikatae.
4. Kwa majadiliano katika Jumuiya: katika parokia yenu, vitabu vya zamani vya ubatizo vinatunzwa wapi, na nani anajua kama nakala zake zinafunguka?

Swali la nne halihitaji kompyuta. Anayeweza kulijibu leo, alijibu leo, kabla mtu hajaja ofisini kuomba cheti chake.